Benzi la 124 Unguja: dalili, chanzo na pa kuanzia

Pampu ya mafuta niliyoagiza kutoka Gerezani, Dar es Salaam, ikaletwa na boti ya mchana, ilinipa siku mbili za raha. Siku ya tatu gari lilizimika tena Mwanakwerekwe, saa nane mchana, jua la utosi, vilevile kama lilivyozimika kabla ya pampu mpya. Fundi aliyeifunga ni kijana mwema na mkono wake mwepesi. Nilipomuuliza kama aliipima ile ya zamani kabla ya kuitoa, alinijibu, "Mzee, ilikuwa kimya, haivumi."

Kweli haikuvuma, kwa sababu umeme haukuifikia. Rilei ya pampu, ile swichi ndogo inayoipelekea umeme, ilikuwa na lehemu iliyopasuka ndani. Joto likizidi, ule ufa unaachana na gari linazimika. Likipoa linawaka kama halikuwa na neno. Ilikuwa kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye pasi ya lehemu. Pampu ya zamani bado ninayo kabatini, nzima.

Tangu hapo kila dalili naiandika daftarini pamoja na kilichokuja kuonekana kuwa chanzo, na haya ninayokuandikia yametoka humo. Gari langu ni Mercedes-Benz 300E la mwaka 1990, usukani wa kulia, limetoka Uingereza. Aina hii, 124, ilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1984 na sedani zake zikaendelea mpaka 1995. La kwangu, kama 260E, lina injini ya M103: silinda sita kwa mstari mmoja, vali 12, cheni badala ya mkanda wa taimingi, na mfumo wa mafuta wa Bosch uitwao KE-Jetronic, ambao nusu ni mitambo na nusu ni umeme. Ukiwa na E220 au E280 la baada ya 1992, injini yako ni nyingine, na nitaligusa hilo mbele kidogo.

M103 yenyewe ni injini ngumu. Ukiipa oili safi kwa wakati, inazeeka pamoja nawe. Kisiwani kinachotangulia kufa ni kile kinachoizunguka: mipira, vishikio vya fyuzi, waya za ethi zinazorudisha umeme kwenye betri, na maji ya rejeta. Kwa hiyo kila ugonjwa nauchunguza kwa mpangilio uleule. Naanza na umeme unaoingia na ethi inayorudi, nafuata mipira, halafu vimiminika, na kifaa chenyewe nakifikia mwisho. Mara nyingi sana sifiki huko mwisho.

Fyuzi na ethi, kabla ya chochote

Fyuzi za gari hili si zile za miguu miwili. Ni za umbo la risasi, zimebanwa ncha mbili na vishikio vya chuma. Nyeupe ni ampia 8, nyekundu 16. Hewa yetu ya bahari inatengeneza ukoga pale ncha inapogusana na kishikio, na fyuzi inaonekana nzima kwa macho huku umeme haupiti sawasawa. Taa moja inafifia, feni ya ndani inasuasua, wipa inakata, na mtu anaanza kununua mota.

Zima gari, fungua sanduku la fyuzi, na kila fyuzi uizungushe mahali pake kwa kidole mara tano au sita. Ukiona mabadiliko baada ya hapo, umeshajua adui yako. Dawa yake ni kuzitoa zote, kusugua vishikio kwa brashi laini ya waya, kunyunyiza dawa ya kusafishia swichi, na kuweka fyuzi mpya za shaba. Zile za alumini zinashika ukoga upesi zaidi.

Ethi haitaki kubahatishwa, ina kipimo. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mwenzako apige staata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi umeme ina kizuizi. Fungua waya mnene unaounganisha injini na bodi, kwangua pande zote mbili mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu. Mimi nilifanya hivi nikaponya maradhi matatu siku moja: staata iliyokuwa nzito, geji ya joto iliyopanda kila nikiwasha taa, na redio iliyokuwa ikivuma.

Linazimika likipata moto, au haliwaki likiwa na moto

Dalili hizi mbili zinafanana mdomoni kwa mwenye gari, lakini njia zake ni tofauti.

Likizimika likiwa linakwenda kisha likakataa, usikimbilie chochote. Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige staata, na usikilize chini nyuma. Pampu inatakiwa ivume kama sekunde moja kisha inyamaze. Isipovuma, pima kama umeme unafika kwenye waya zake. Umeme haupo? Rudi kwenye rilei, iliyo ndani ya chumba kilichofunikwa karibu na betri. Ifungue kasha lake na uitazame lehemu kwa tochi na kioo cha kukuza. Ufa wa lehemu ni duara jembamba jeusi linalozunguka mguu wa kifaa. Umeme upo na pampu imenyamaza? Hapo ndipo pampu imekufa, na hapo ndipo pesa ya boti ina maana.

Pampu ikivuma na gari halitaki, piga staata huku unatazama mshale wa mizunguko ya injini. Ukilala kabisa bila hata kutikisika, shuku sensa iliyo nyuma ya injini, penye gurudumu linalozungushwa na staata. Hiyo ikizeeka inakufa kwa joto na kufufuka kwa baridi. Kisha tazama sanduku la kompyuta ya cheche lililofungwa kwenye ubavu wa chumba cha injini. Linategemea bodi kulipooza, na kati yake na chuma panatakiwa kuwe na dawa nyeupe ya kupitisha joto. Aghlabu mtu amelitoa miaka iliyopita akalirudisha pakavu.

Sasa ile ya pili. Umetoka Bububu, umesimama robo saa Darajani kununua samaki, ukirudi linapiga tu bila kuwaka, halafu linawaka kwa taabu likikohoa moshi mweusi. Hapa mfumo wa mafuta umepoteza shinikizo. Mfumo wa KE unafanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya bar 5, na ukizima gari unatakiwa ubaki na sehemu ya shinikizo hilo ili mafuta yasichemke kwenye mabomba yaliyo juu ya injini ya moto. Jipime hivi: washa ufunguo bila staata, pampu ivume, zima. Rudia mara nne au tano, kisha piga staata. Likiwaka papo hapo, umepata jibu. Chanzo ni kimoja kati ya vitatu: vali ya kuzuia mafuta yasirudi iliyo kwenye pampu, kopo la akiba ya shinikizo lililo chini karibu na pampu, au injekta, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, zinazodondosha. Anza na vali kwa sababu ni rahisi, lakini mkosaji wa kawaida ni kopo.

Kabla ya kulegeza bomba lolote la mafuta, kumbuka lina shinikizo hata gari likiwa limezimwa tangu asubuhi. Funika muungio kwa kitambaa, legeza taratibu, na asiwepo mtu anayevuta sigara karibu.

Na usiache tangi likae tupu. Kwa unyevu wetu, tangi lenye hewa nyingi linatengeneza maji usiku, na maji yanatengeneza kutu inayokwenda moja kwa moja kwenye filta. Mimi sishuki chini ya robo.

Asubuhi za masika

Mvua za Machi mpaka Mei zina ugonjwa wake. Gari limelala nje, asubuhi linapiga, linashika silinda tatu, linatetemeka, kisha likipata joto linatulia. Kofia ya distribyuta ya M103, kile kifaa kinachozigawia silinda cheche, iko mbele kabisa ya injini, na unyevu unaingia ndani yake na kukaa. Ifungue, ipanguse kwa kitambaa kikavu, itazame kwa tochi. Ukiona mstari mwembamba kama wa penseli kati ya chuma kimoja na kingine, cheche imeshajichongea njia na kupangusa hakutasaidia tena. Nunua kofia na rota pamoja, na kikinga chake cha plastiki cha nyuma.

Plagi ziwe za kawaida za shaba zisizo na rezista, nafasi milimita 0.8. Rezista tayari imo kwenye vichwa vya waya. Watu wanaweka plagi za bei kubwa wakidhani wanaienzi gari, na cheche inazidi kudhoofika.

Halitulii likisimama, na taa ya ABS imewaka

Mizunguko ya injini hii ikiwa na moto na gari limesimama ni karibu 650 kwa dakika. Ikiwa inapanda na kushuka, au gari linataka kuzimika ukifika makutano, tazama kwanza dashibodi. Kama taa ya ABS, mfumo wa breki unaozuia tairi zisigande, nayo imewaka, usiende kwa fundi wa breki. Kuna rilei moja, kibati cha rangi ya fedha nyuma ya betri, chenye fyuzi nyekundu ya ampia 10 juu ya kichwa chake. Kazi yake ni kuzilinda kompyuta umeme usizidi, na hiyo moja inalisha ABS na kompyuta ya mafuta pia. Ndiyo maana inapougua, breki na injini zinalalamika pamoja. Toa fyuzi uitazame. Ikiwa nzima, fungua kibati na utafute ufa uleule wa lehemu.

Kama ABS haina neno, twende kwenye mipira. Chini ya kile kifaa kikubwa cha kupimia hewa kuna mpira mpana kama kikombe. Ukipasuka, hewa inaingia bila kupimwa, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, na injini inaanza kuhema. Hauonekani kwa juu, kwa hiyo ingiza vidole na upapase ukingo wake wote. Mipira ya injekta nayo, baada ya miaka 30, inakuwa migumu kama kifuu. Seti yake ni ya bei ndogo na kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Wengine wanapulizia dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini inayounguruma ili wasikie pahala panapovuta hewa. Dawa hiyo inawaka moto upesi, mimi siifanyi. Natumia kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine naitembeza. Panapovuja panalia.

Na hili nalisema kwa msisitizo. Kuna skrubu ndogo ya mchanganyiko wa mafuta na hewa, inafikiwa kwa ufunguo mrefu wa milimita 3. Fundi asiyeujua mfumo huu huikimbilia hiyo kwanza, kwa sababu kuizungusha kunabadilisha mlio wa injini na mwenye gari anafurahi. Mzuie. Ikishazungushwa huku kuna hewa inayovuja, umeficha ugonjwa mmoja na kuongeza mwingine, na kuirudisha kunataka mita na mtu anayejua anachopima.

Kwa wenye magari ya 1992 mpaka 1995 yenye injini ya M104 au M111: gari likitetemeka, likizimika ovyo, likiwasha taa bila mpangilio, vua kifuniko cha waya za injini ukunje waya mmoja taratibu. Ngozi ya waya za miaka ile ilitengenezwa kwa plastiki inayooza. Ikiwa inamomonyoka kama mkate mkavu, waya zinagusana, na huna haja ya kubadilisha kitu kingine mpaka zitengenezwe upya. Zinaweza hata kuiunguza kompyuta. Anayetaka kununua la miaka hiyo aanze kukagua hapo kabla ya kuangalia rangi.

Linachemsha

Kwanza tujue kuchemsha ni nini. Temostati ya gari hili, ile vali inayofungulia maji kwa joto, inafunguka kwenye digrii 87. Mshale ukiwa kati ya 80 na 100, gari liko salama. Kwenye foleni ya Darajani na AC imewashwa utaona umepanda kidogo kupita 100, na ukifika karibu 105 feni mbili za umeme zilizo mbele zinaingia kwa kasi kubwa na kuushusha. Hivyo ndivyo lilivyotengenezwa. Nimewaona watu wanazima gari katikati ya njia kwa sababu mshale umegusa 100. Ukivuka 110 na kuendelea kupanda, hapo simama.

Ugonjwa wenyewe unajieleza kwa mahali unapotokea. Likipata joto kwenye foleni lakini likapoa ukishika barabara ya Mahonda, maji yanatembea vizuri na kinachokosekana ni upepo. Tazama feni za umeme. Washa AC: zinatakiwa zianze kwa kasi ndogo baada ya muda. Zisipoanza kwa kasi ndogo lakini kasi kubwa ipo, tazama rezista yake iliyo mbele karibu na taa, inayooza kwa chumvi. Kisha feni ya viskasi inayozungushwa na injini: zima gari likiwa na moto, ngoja isimame kabisa, uisukume kwa mkono. Ikizunguka huru kama pangaboi, imekwisha.

Likienda kinyume, likapoa mjini na kupanda joto ukiwa unakimbia kuelekea Nungwi, maji hayatembei ya kutosha. Rejeta imeziba ndani. Na kuziba kwa rejeta hapa Unguja kuna sababu tunayoijua sote: itazame sufuria unayochemshia maji ya chai. Ule ukoko mweupe wa chini unatoka kwenye maji ya visima vyetu, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe na kubeba chokaa. Kila mtu anayeongeza maji ya bomba kwenye rejeta anapika ukoko uleule ndani ya injini, tabaka juu ya tabaka, mpaka joto linashindwa kutoka.

Dawa yake iko dukani: chumvi ya ndimu, ile ya unga. Si maji ya ndimu yenyewe, yana sukari na makapi. Toa maji yote ya zamani, yeyusha gramu 100 kwa kila lita ya maji, jaza, washa gari na hita ikiwa kwenye joto la mwisho, acha lifike digrii 80, liungurume dakika kumi, zima, lipoe, toa. Usishangae rangi ya kitakachotoka. Kisha suuza kwa maji matupu mara tatu au nne, mpaka yatoke meupe. Mfumo unachukua karibu lita 9, kwa hiyo jipange na ndoo. Ukimaliza, jaza nusu kwa nusu: dawa ya rejeta inayofaa Mercedes na maji yaliyotoneshwa. Dukani useme wazi unataka maji matupu ya kuongezea betri, maana ukisema "maji ya betri" peke yake unaweza kupewa asidi.

Najua utaniambia dawa ya rejeta ni ya nchi za baridi. Hapa baridi haipo, lakini dawa ile pia inazuia kutu ndani ya hedi, yaani kichwa cha injini, cha alumini, inalainisha sili ya pampu ya maji, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Sisi tunaihitaji kwa hayo matatu.

Tuna pia desturi ya kung'oa temostati ili gari lisichemshe. Kwenye injini hii ni kosa. Temostati hii inafanya kazi mbili: inafungua njia ya rejeta na wakati huohuo inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inapita njia ya mkato na kurudi injini bila kuiona rejeta. Asubuhi gari linachelewa kupata moto na kula mafuta, mchana linapata joto kuliko kabla. Inunue mpya uirudishe.

Kama maji yanapungua na huoni tone chini, washa gari likiwa baridi kabisa na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, moto wa silinda unaingia kwenye maji na gasketi ya hedi imekwenda. Lakini kabla ya kukata tamaa, papasa chini ya pampu ya maji, na tazama shingo ya plastiki ya rejeta pale mpira wa juu unapoingia. Shingo hiyo ikizeeka inavunjika ghafla, na maji yote yanakwenda kwa pumzi moja. Rejeta yenye miaka 15 naibadilisha hata kama haijavuja. Na kifuniko cha tangi la maji usikiguse mpaka mshale umeshuka chini ya 80.

Hewa ya ndani

AC inapoza ukikimbia na inatoa joto ukisimama: rudi kwenye feni za umeme hapo juu, ni ugonjwa mmoja. AC inapoza wiki mbili tu baada ya kujazwa gesi: inavuja, na aliyekujazia bila kutafuta tundu amekuuzia wiki mbili. Anza na kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele, ambayo chumvi na mchanga wa Paje vinaila, na sili za kompresa. Ivapureta, inayopoza hewa ya ndani, iwe ya mwisho, kwa sababu iko nyuma ya dashibodi nzima. Ujue pia magari ya mwanzo yalikuja na gesi ya R12, yakabadilishwa baadaye kwenda R134a. Kama mipira ya duara haikubadilishwa siku hiyo, ndiyo inayovuja.

Kuna moja linalowachanganya wengi: kompresa inafanya kazi, bomba lake baridi, lakini ndani kunatoka hewa ya vuguvugu. Vali ya maji ya hita hukaa wazi isipopata umeme, na ndani yake kuna mpira mwembamba unaochanika. Maji ya moto yanapita kwenye hita na kupigana na AC yako mchana kutwa. Bana mpira wa hita kwa kibano laini. Hewa ikigeuka baridi, nunua kiini cha vali, si vali nzima.

Giaboksi

Kwanza lisilo ugonjwa: ukiondoka taratibu, gari hili linaanza na gia ya pili. Ni tabia yake. Ukikanyaga kwa nguvu linaanza na ya kwanza. Watu wamefungua giaboksi nzima kwa sababu ya hili.

Gia zikipiga kishindo zikibadilika, tafuta kimpira kidogo cha upepo kinachotoka kwenye injini kwenda kwenye kifaa cha upande wa giaboksi. Kikipasuka au kikichomoka, giaboksi inadhani umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Kama oili ya giaboksi inapungua, hakuna tone chini, na eksozi inatoa moshi mweupe mzito, kile kifaa chenyewe kimechanika ndani na injini inaivuta oili na kuiunguza. Ni kazi ya bolti chache.

Rivasi ikichelewa kushika, sili za ndani zimekuwa ngumu. Badilisha oili na filta kwanza, kila kilomita 60,000, na umwambie fundi atoe pia oili ya tokonbeta, kile kiunganishi cha oili kati ya injini na giaboksi, ina nati yake ya kutolea. Kipimo cha oili ya giaboksi kinasomwa gari likiwa na moto, linaunguruma, gia kwenye P.

Oili na moshi

Moshi wa bluu unaotoka ukiwasha baada ya gari kulala, au ukiondoka baada ya kusimama sana kwenye taa, ni sili za vali. Zinabadilishwa bila kufungua hedi, na asikuambie mtu kuhusu ringi za pistoni mpaka apime kompresheni. Oili inayovuja mbele kwa juu ni sili ya kifuniko cha cheni. Inayotoka nyuma kulia ya hedi ni gasketi ya hedi, ugonjwa unaojulikana wa M103. Waswahili tunasema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, lakini oili ikidondokea eksozi ya moto hakuna nafuu. Ikitoa jasho tu naongeza na kuandika kiasi, ikitiririka naitengeneza.

Mlio na mtikisiko

Hapa nitapita haraka, maana fundi yeyote mzuri wa miguu anayamudu. Kishindo ukiondoka: mpira wa duara wa propela shafti umepasuka. Mtetemo kwenye D gari limesimama: injini maunti, ile mipira inayoibeba injini, zimetoa maji yake. Usukani unacheza kwenye 80: balansi kwanza, kisha shokapu ndogo ya usukani. Boljointi ya chini mbele usiiahirishe hata wiki. Oili ya breki inanyonya unyevu, na kwa hewa ya hapa naibadilisha kila mwaka, si kila miaka miwili.

Maji ndani, kutu nje

Zulia la mbele likilowa baada ya mvua, fungua boneti utazame chini ya wipa. Majani ya mwembe na mkungu yanaziba mifereji ya kutolea maji, maji yanajaa, na yanaingia kwenye feni ya ndani. Zibua kwa mkono. Hapohapo hakikisha kifuniko cha kile chumba cha karibu na betri kina mpira wake, kwa sababu kompyuta zako ziko humo. Maji kwenye buti, chini ya tairi la akiba, yanatoka kwenye gasketi za taa za nyuma au ukingo wa kioo. Mwaga unga wa sembe kwenye kingo, mwenzako amwagie maji nje, na ufuate mchirizi.

Kutu ndiyo inayonikosesha usingizi. Magari ya kuanzia mwisho wa 1989 yana plastiki pana ubavuni. Zinapendeza, lakini nyuma yake mchanga na chumvi vinakaa bila mtu kuona, na pale pa kuwekea jeki panaoza kimyakimya. Mtu anajua siku jeki inapozama ndani. Kila nikirudi Paje au Makunduchi nalisuuza chini kwa maji baridi siku ileile. Mwezi wa Juni, masika ikishakatika, navua zile plastiki zote. Vishikio vyake vinavunjika, nunua vya akiba kabla ya kuanza. Naosha, naacha siku nzima kwenye jua, nakwangua kila doa mpaka chuma cheupe, napaka dawa ya kutu, rangi, halafu nta.

Mwaka huu nilikuta doa la ukubwa wa sarafu nyuma kushoto, na kisa chake kilikuwa tundu la kutolea maji la mlango lililoziba kwa mchanga. Sasa yale matundu nayazibua kila mwezi kwa chelewa moja ya ufagio. Inaingia yote, na rangi haiikwaruzi.